Pua ya Mtoto Iko Chini



Juma lililopita, tulipokuwa tunatoka mkutanoni, mmoja wenu aliniuliza kwa nini sikubali tena kutoka na watoto asubuhi na mapema, wakati kila mtu anajua kwamba asubuhi kuna ubaridi na jua halijaanza kuchoma. Nilicheka tu, nikasema nitaandika kwenye karatasi yetu. Basi naandika, ijapokuwa habari yenyewe hainipi sifa yoyote, mimi ninayeitwa mwalimu.

Wengine mnajua kwamba mimi si mzaliwa wa Goma. Nilizaliwa Bukavu, nikasoma Bukavu, diploma yangu ya ualimu niliipata kule kwenye ISP, kisha nikaolewa huku. Kwetu matembezi ni kupanda na kushuka kwenye udongo mwekundu unaoteleza. Mtoto akianguka anachafua nguo, unamfokea, mnaendelea. Huku kwenu ni mawe meusi ya volkano. Nimeyakanyaga miaka zaidi ya kumi nikienda darasani, nikajidanganya kwamba nimeyajua.

Sababu ya kutoka siku ile ilikuwa mtoto wangu wa kwanza. Mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021, usiku ule Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye, tarehe 27, tulipoambiwa tuondoke mjini. Sisi tulishika barabara ya Sake kama watu wengine maelfu, godoro kichwani, sufuria mkononi. Yeye alikuwa na miaka minane. Alitembea njia yote bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mwaka uliofuata, kila nikitaja Sake au Mugunga, aliniuliza: "Tunakimbia tena?" Mtoto amezaliwa mahali pazuri hivi, kuna ziwa, kuna vilima, na yeye anajua barabara ile kama njia ya kukimbia tu. Nikasema moyoni, lazima apite pale siku moja akiwa ameshika ndizi mkononi, si godoro kichwani.

Kwa hiyo katika vakansi kubwa ya mwaka 2022, siku moja ya posho, mimi na wifi yangu tukachukua watoto watano: wangu watatu na wake wawili. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo kabisa, kitinda mimba wangu, miaka minne na nusu. Tulitaka kuwaonyesha Lac Vert, kile kiziwa kidogo cha duara kilicho ndani ya volkano ya zamani, karibu na Mugunga. Niliamka usiku kuchemsha chai. Nikatia mikate, ndizi, maji ya kunywa kwenye kibidoni cha lita tano. Tulipanda basi dogo kungali giza, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshashuka na kuanza kutembea kwa miguu. Nilijisifu kwa mpango wangu. Nilimwambia wifi, ona, saa nne tutakuwa tumerudi, hakuna mtoto atakayeungua na jua.

Kando ya barabara niliwahesabu: watano. Tulipokunywa chai niliwahesabu tena: watano. Halafu wifi akatoa simu apige picha, na mimi nikaanza kuwapanga wale wakubwa mbele ya ziwa, huyu akae, huyu asifumbe macho. Mdogo hakutaka picha. Nilimwona akiondoka pembeni, hatua labda kumi na tano, kuelekea mahali penye nyasi za kijani. Pale mawe yalikuwa yameshuka kidogo yakafanya kama bakuli, ukubwa wa chumba, urefu wa kwenda chini haukufika kimo cha mtu mzima. Si shimo la kutisha. Ungelipita bila kuligeukia.

Nilimfuata taratibu. Nilipofika ukingoni alikuwa ameshashuka kidogo kwenye mteremko, amechuchumaa, anatazama ndege mdogo aliyekufa. Nilisimama pale juu yake, karibu hatua tatu. Nawaeleza ukweli: sikuogopa chochote. Nilivuta pumzi, hewa ilikuwa safi, haina harufu. Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia asiguse huyo ndege, atapata uchafu.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke: "Wee mama! Toa mutoto pale! Pale kuko mazuku!"

Alikuwa mama mmoja anayekwenda shambani na jembe begani. Hakungoja jibu langu. Alitupa jembe, akaziba kinywa kwa kitenge, akashuka hatua mbili akiwa amesimama wima kabisa, shingo imenyooka kama mtu aliyebeba ndoo, akamshika mtoto mkono na kumpandisha kwa nguvu moja. Yote ilikuwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Mimi bado nilikuwa nimesimama na kinywa wazi.

Mtoto alikuwa anapumua mbio mbio kama aliyetoka kukimbia, naye hakuwa amekimbia. Macho yake yalikuwa mazito. Akasema, "Mama, kichwa inauma." Tulimpeleka juu penye upepo, tukamkalisha, tukamfungua kifungo cha shati. Baada ya robo saa hivi aliomba mkate. Tulipita naye kituo cha afya, muuguzi akamsikiliza kifua, akatuambia twende nyumbani. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naweka mkono puani pake kila mara, kama alipokuwa mtoto mchanga.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Mazuku nilikuwa nimesikia. Nani anaishi Goma asisikie? Lakini nilidhani ni habari ya watu wa Mugunga, habari ya usiku, tena nusu yake hadithi za wazee. Na mwaka ule ule, darasani, nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu wa darasa la tano gesi ya kaboniki, ile tunayoandika CO2 ubaoni. Nilichanganya siki na bikarboneti ndani ya chupa, nikainamisha chupa juu ya mshumaa uliowaka ndani ya glasi, mshumaa ukazimika, watoto wakapiga makofi. Niliwaandikisha kwenye daftari: gesi hii haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inashuka chini na kukaa kama maji. Kila neno nililisema kwa kinywa changu. Kisha nikasimama ukingoni mwa bakuli lililojaa gesi ile, nikamtazama mwanangu akichuchumaa ndani yake.

Mazuku ni hiyo tu, wamama. Gesi inatoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, na kwa sababu ni nzito inajaza mashimo na mabonde madogo. Yule mama alinieleza kwa maneno yake, na hakuna hata moja lililopingana na kitabu. Usiku upepo unalala, gesi inajaa mpaka ukingoni. Alfajiri na asubuhi mapema ndiyo saa mbaya kabisa. Jua likishapanda na upepo wa ziwa ukianza kupiga, inapungua, lakini kuna mashimo ambayo hayapungui mchana wala usiku, na siku ya mawingu mazito na utulivu inaweza kukaa kutwa nzima. Mimi na mpango wangu mzuri wa kukwepa jua nilikuwa nimechagua saa ile ile inayoua.

Na pua yangu ilikuwa kwenye hewa nzuri. Hilo ndilo nataka mlishike. Mimi niliyesimama nilivuta pumzi safi, nikajiambia hakuna hatari, na mtoto aliyechuchumaa alikuwa anavuta kitu kingine kabisa. Ikiwa kidogo, kichwa kinauma, pumzi inakwenda mbio, kizunguzungu kinakuja. Ikizidi, mtu anaanguka mara moja bila kupiga kelele. Mtoto ndiye wa kwanza, si kwa sababu ni dhaifu, bali kwa sababu ni mfupi, tena anapenda kuinama kila penye kitu kidogo.

Tangu siku ile, kabla ya kutembea mahali popote na watoto, mimi ninachuchumaa. Watu wakinicheka, wacheke. Ninachuchumaa mahali salama pa kuanzia, nafikisha macho yangu kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne, natazama njia. Jaribuni. Mtaona vitu ambavyo hamjawahi kuviona. Upupu unaowasha ambao kwako unagusa goti, kwake uko usoni. Ukingo wa jiwe la volkano, mkali kama kisu, ambao kwako ni wa kurukia tu, uko sawa na paji la uso wake. Tundu kati ya mawe liko mbele ya mkono wake kama mfuko unaomkaribisha aingize vidole.

Niwaeleze dalili za mazuku kama nilivyoonyeshwa. Ndege, panya, mijusi au wadudu waliokufa chini ya shimo, bila jeraha. Shimo penye utulivu ambapo hata upepo haugusi nyasi. Wenyeji hawafungi mbuzi pale. Watu wengine wanajaribu kwa moto: wanashusha kijinga au mshumaa, ukizimika wanajua. Ni kweli moto unazimika, lakini moto kuendelea kuwaka si hati ya usalama, maana gesi inaweza kumdhuru mtoto kabla haijaweza kuzima mshumaa. Watu wa Observatoire Volcanologique de Goma wameweka vibao sehemu kadhaa. Mkiona kibao, mheshimu. Msipokiona, msiseme hakuna kitu, kwa sababu kibao ni ubao, na tunaishi mahali ambapo ubao ni kuni.

Tena fikirieni ni nani anayeshuka shimoni. Ni mtoto anayetaka kujisaidia na kujificha, na ni sisi wenyewe tunaomwambia, "Nenda kule chini wasikuone." Ni mama anayetafuta mahali pasipo upepo akae anyonyeshe. Mtoto aliye mgongoni kwa mama anayetembea yuko juu, lakini mama huyo akikaa bondeni, wote wawili wameshuka. Basi matembezini mtoto ajisaidie nyuma ya mti au kitenge kilichoshikwa na dada yake, kwenye mwinuko, na aibu ipite.

Na mtu akianguka ndani? Moyo wa mama utataka kuruka. Msiruke. Mnaweza kuwa watu watatu mmelala pale badala ya mmoja, maana yule anayeshuka kuokoa anainama, na akiinama amevuta. Pigeni kelele watu waje, tafuteni kamba, mti mrefu, vitenge vilivyofungwa pamoja. Yule mama aliniambia wazi: "Mimi najua kipimo ya hili shimo, nalipita kila siku. Wewe usijaribu." Aliyetolewa apelekwe juu penye upepo, asipopumua apuliziwe hewa kinywani, na mbio hospitali hata kama amezinduka.

Hayo ni ya mazuku. Lakini sitaki mfikiri kwamba anayeishi mbali na Mugunga hana la kujifunza. Karibu kila kitu kibaya kinachompata mtoto njiani kinaanzia mahali pamoja na changu: mtu mzima yuko pale, anamwona, na mawazo yake yako kwenye kitu kingine. Kwangu ilikuwa picha.

Kuhesabu kuna njia yake. Darasani nina wanafunzi zaidi ya hamsini na sijapoteza hata mmoja, lakini siku ile nilikuwa na watoto watano na watu wazima wawili, nikampoteza mmoja kwa macho yangu. Sababu naijua sasa: kila mmoja wetu alidhani mwenzake anaangalia. Siku hizi tunagawana kwa majina kabla ya kutoka nyumbani. Huyu na huyu ni wako, huyu ni wangu. Wa chini ya miaka sita kila mmoja ana mkono wa mtu mzima au wa mkubwa mwenye akili, na mtu mzima mmoja hachukui zaidi ya watatu wadogo. Mmoja anatangulia, mwingine anafunga nyuma, na mwendo ni wa yule mwenye miguu mifupi kuliko wote. Mnaposimama, kwa chai, kwa picha, kwa kufunga kamba za kiatu, ndipo mnapohesabu, kwa sababu watoto hawapotei mkitembea. Wanapotea mkisimama na kustarehe.

Waulizeni watoto wenu wadogo jina la mama yao. Fanyeni leo, mtacheka. Wangu alijibu, "Mama." Nikamwuliza, mama nani? Akataja jina la kaka yake mkubwa, kwa kuwa ndivyo ninavyoitwa na jirani wote. Mtoto akipotea akasema mama yake anaitwa Mama Furaha, ni nani katika mji huu atakayempata, na Mama Furaha wako wangapi? Afundishwe jina lako kamili, la baba, na la avenyi mnayokaa. Namba ya simu mwandikie kwa kalamu ndani ya mkono asubuhi ile. Na afundishwe hili kama wimbo: nikipotea ninasimama hapo hapo, sipandi, sishuki, sitafuti, napiga filimbi mara tatu, napumzika, napiga tena. Filimbi ni bei ya mandazi machache. Nguo iwe ya rangi kali. Ile sweta ya kijani tunayopenda kwa sababu haionyeshi uchafu, haionyeshi mtoto pia.

Viatu: vya kufunga. Kandambili kwenye mawe yale ni kama kutembea peku, na jeraha la jiwe la volkano huwa lina mchanga mkali ndani, ni lazima lioshwe vizuri kwa maji safi na sabuni. Suruali ndefu inasaidia kwa upupu na kwa nyoka. Kuhusu nyoka naomba ruhusa ya kugombana na baadhi yenu. Lile jiwe jeusi mnaloliweka kwenye kabati halinyonyi sumu. Nimesikia ushuhuda wote, kwamba lilishikamana, kwamba lilidondoka lenyewe likishashiba. Jiwe linashikamana kwa sababu linafyonza damu na unyevu, na wengi walioumwa walipona kwa sababu nyoka hakuwa na sumu au hakuitoa. Msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mtoto alale, atulizwe, mguu au mkono ule usitikisike, ufungwe kwenye mti ulionyooka kama aliyevunjika, abebwe, asitembezwe, na safari ianze dakika ile ile kwenda hospitali. Muda unaopotea mkimtafuta mwenye jiwe ndio muda wa mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo mama wa nchi nyingine hana haja ya kuliandika. Kitu chochote cha chuma kilicholala kwenye nyasi, hata kikiwa kizuri, hata kikifanana na mpira au kopo, mtoto hakigusi, hakirushii jiwe, hasogei karibu. Anasimama, anaita, anarudi alikopita. Na sisi wakubwa vile vile. Kabla ya kwenda mahali, muulize mkubwa wa eneo na watu wanaolima pale kama njia ni salama juma hili, si mwezi uliopita. Wakikuambia usipite, usitafute wa kukupa jibu tofauti. Ningekuwa nimeuliza siku ile, mtu wa kwanza barabarani angeniambia: ngojeni mpaka saa nne.

Mvua nayo. Hapa Kivu radi si mchezo. Wanaopima radi kwa satelaiti wameweka Kabare kati ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Mkisikia ngurumo, mmeshachelewa kidogo. Teremkeni kutoka mwinuko, ondokeni chini ya mti ulio peke yake, tokeni majini, ingieni nyumba au gari. Lakini msiteremke ndani ya mashimo niliyowaeleza. Ndiyo, najua, hapa ushauri mmoja unagongana na mwingine. Ndiyo maana mawingu yakiwa meusi asubuhi, matembezi yanakuwa ya siku nyingine, watoto walie.

Ziwani sitakaa sana kwa kuwa mmesikia mara nyingi. Kina kinashuka ghafla, na sehemu nyingine za ukingo gesi inatoka chini ya maji, mnaona mapovu. Penye mapovu hakuogwi. Mtoto akiwa majini, mama awe karibu kiasi cha kumshika kwa kunyosha mkono tu, hata kama anajua kuogelea.

Baba wa watoto, niliposimulia habari hii, alisema basi watoto wakae ndani ya parseli. Wamama wengine pia mmeniambia hivyo. Siwalaumu, lakini sikubaliani. Ndani ya parseli kuna jiko la makala, kuna tangi la maji, kuna ukuta unaoanguka, na hatuwafungii watoto kwa ajili ya hayo, tunawafundisha. Mtoto ambaye hajawahi kutembea na mama anayemwonyesha atatembea siku moja na wenzake wasiojua. Na watoto wetu wamejifunza vya kutosha kuogopa milima yao.

Kwa hiyo baada ya majuma matatu tulirudi. Tulifika karibu saa tano, upepo ukipiga, nikiwa na sabuni na kilo mbili za chumvi kwa yule mama. Alicheka aliponiona nimechuchumaa njiani. Alitembea nasi zaidi ya saa nzima, akatuonyesha mashimo matano ambayo nisingeyatambua hata moja. Alituonyesha pia nyumba moja ambapo kitanda cha watoto kimeinuliwa juu ya matofali, kwa sababu gesi inaingia chini ya mlango usiku, na anayelala kwenye mkeka ndiye inayemfikia kwanza. Mtoto wangu mkubwa alikula ndizi yake kando ya barabara ya Sake, akatupa ganda, akaniuliza kama tunaweza kufika mpaka kule kwenye kona. Hakuuliza kama tunakimbia.

Yule mdogo alikuwa kimya sana. Usiku, nilipozima taa, nikamsikia amelala kifudifudi sakafuni, kidevu chini. Nikamwuliza anafanya nini. "Nasikiliza kama hapa hewa ni muzuri." Nikalala kando yake, nami nikavuta pumzi. Kwetu hakuna mazuku, lakini kesho yake baba yao alileta matofali manane.

Siku ya posho ya juma lijalo tunatoka tena, familia sita mpaka sasa. Tunakutana mbele ya chumba chetu cha mikutano saa tatu na nusu asubuhi, hatutaondoka kabla ya hapo hata mkiniomba. Mletee mtoto viatu vya kufunga, maji na filimbi, na awe anajua jina la mama yake.